Uzoefu wangu na visubi bandia kwenye mkondo wa Chwaka, Unguja

Kwa miezi minne sasa navua kwa kisanduku cha visubi bandia nilichoagiza mtandaoni, yaani ndoana za namba 18 hadi 24 zilizozungushiwa uzi mweusi na waya mwembamba ili zifanane na buu la usubi, chakula cha samaki wa mito ya Marekani na Ulaya. Namba ikizidi, ndoana hupungua. Ile ya 24 ni ndogo kuliko punje ya mchele. Niliwanunulia samaki aina ya chuchunge na chaa, ambao kwa vinywa vyao vidogo hukidona kipande cha ngisi mpaka kikaisha bila ndoana kuingia.

Sisi wa mshipi wa mkono tumezoea chubwi, yaani kizito kinachofungwa kwenye mshipi, ndilo lipeleke chambo. Kisubi hakina uzito, kwa hiyo kinachorushwa ni kamba nene ya ufito, nayo lazima iachwe inyooke nyuma kabla ya kusukumwa mbele. Hilo lilinichukua wiki mbili.

Lililonifunza zaidi ni unene wa nailoni ya mwisho, yaani ile inayofungwa kwenye kisubi chenyewe. Kwa nailoni ya milimita 0.20 sikupata kitu asubuhi nzima. Nilipofunga ya 0.12, chuchunge wa kwanza alinasa kabla maji hayajaanza kupwa. Samaki wa Chwaka hawaujui usubi wa mito ile, lakini hula vidudu vinavyobebwa na mkondo kutoka mikokoni, na nailoni nene hukiburuta kisubi kwa namna ambayo kidudu hai hakiendi. Kiboya kikisita tu, nainua ufito taratibu, kwani mvuto tunaomvutia changu ungeikata nailoni papo hapo. Mimi huchagua siku za maji mafu, yaani zile ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mkondo huwa mkali mno na maji huchafuka.

Kasoro kubwa ni kutu. Muuzaji aliandika kwamba ndoana hizi zinafaa baharini, nami nililisikitikia sana neno hilo, kwa sababu ni za maji baridi, na zile nilizosahau kuzisuuza kwa maji ya kisima zilishika kutu ndani ya siku tatu. Mbinu yenyewe naipenda kwa dhati, lakini kisanduku kingine sitakinunua. Nimeanza kufunga visubi vyangu kwa unyoya wa kuku wa kienyeji, juu ya ndoana za namba 16 za chuma kisichoshika kutu, na chaa wanazikubali.