Uzoefu wangu: kutoka Malindi hadi mkutano wa ICSE 2024, Lisbon

Vijana wa hapa kwetu wanaosomea kompyuta wamekuwa wakiniuliza kama mikutano ya utafiti wa uhandisi wa programu inastahili gharama yake. Mimi nilihudhuria ICSE, mkutano mkubwa wa kimataifa wa fani hiyo, na nawajibu kwamba inastahili, ila si kwa ajili ya mada zinazosomwa ukumbini. Hizo unaweza kuzisoma umekaa nyumbani Shella, feni ikikupepea. Unachokifuata ni mtu aliyehangaika na tatizo kama lako kwa miaka, asimame mbele ya kazi yako, aitazame, kisha akuulize swali ambalo hapa Malindi hapana wa kukuuliza.

Nianze na tatizo lenyewe, maana bila hilo safari yangu haieleweki. Ami yangu hununua samaki kwa wavuvi. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumekijengea chama chao programu ndogo ya simu ya kulipana na kuweka hesabu. Asubuhi moja ami alikuwa analipia nguru mtandao ukakatika katikati. Kiduara kikazunguka kwenye skrini, akangoja, akaona kimya, akabonyeza tena. Pesa zikaenda mara mbili.

Akanipigia simu. "Mwanangu, samaki ni huyu mmoja, nami nimemlipa mara mbili. Sasa programu yenu hiyo yajua kuhesabu?"

Mvuvi alizirudisha siku ile ile, Mungu ambariki, lakini mimi sikulala. Kosa lilikuwa letu, na nilipolichunguza nikakuta ni kosa linalojulikana duniani kote: simu ikikosa jibu hutuma ombi upya, na seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, hudhani ni malipo mapya. Dawa yake nayo yajulikana. Kila malipo yapewe namba yake ya pekee tangu kidole kinapobonyeza, na likirudiwa ombi lirudiwe kwa namba ile ile, ili seva ijue kwamba hili nimeshalipokea. Nikaanza kuchunguza programu nyingine ambazo msimbo wake, yaani maandishi yake ya ndani, uko wazi, nione ni ngapi zinafanya hivyo sawasawa. Huo ukawa utafiti wangu wa shahada ya uzamili.

Mkutano wa kwanza nilioulipia haukuwa mkutano. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu najua wengine watanaswa. Nilipata barua pepe ya kunisifu, nikapewa siku nne nilipe dola 180, nikalipa pesa nilizoziweka kwa miezi mitatu. Makala yangu yakakubaliwa siku mbili baadaye bila neno hata moja la mhakiki. Siku yenyewe ilipofika nikatumiwa kiungo cha video. Tulikuwa watu sita, kila mmoja anangoja zamu yake asome aondoke. Hakuna aliyemuuliza mwenzake lolote.

Tangu hapo nina desturi, na ningependa kila mwanafunzi awe nayo. Natafuta majina ya kamati, kisha naingia kwenye kurasa za watu hao wenyewe nione kama wanautaja mkutano huo. Natazama kama makala ya miaka iliyopita yamo katika maktaba ya ACM au ya IEEE, vyama vya wataalamu wa kompyuta na uhandisi, na kama DBLP, orodha ya mtandaoni ya makala ya kompyuta, inayataja. Naangalia daraja la CORE, orodha inayopanga mikutano ya kompyuta kwa ubora: ICSE, FSE na ASE, mikutano mitatu mikubwa ya fani hii, iko A*, daraja la juu kabisa. Tena kuwasilisha makala katika mikutano hiyo ni bure. Ada inakuja baada ya kukubaliwa, na wengi hawakubaliwi.

Mimi pia sikukubaliwa. Makala yangu kamili, kurasa 10 na nyingine 2 za marejeo kama zinavyoruhusiwa, niliyapeleka kwenye mkutano mmoja mkubwa yakakataliwa. Lakini maoni niliyopata yalikuwa ya watu watatu waliosoma kila mstari, wasijue mimi ni nani wala mimi nisiwajue wao, maana majina hufichwa pande zote mbili. Mmoja aliandika kwamba nimejaribu kila kitu kwenye simu za kuigizwa ndani ya kompyuta, na kwamba simu ya kweli mkononi mwa mtu wa kweli ina tabia zake. Maneno hayo yalinitoa machozi, kwa sababu yalikuwa kweli. Nikaanza kukusanya simu za zamani za jamaa na majirani.

Jambo dogo kuhusu muda, ambalo limewaumiza wengi. Mingi ya mikutano hii hufunga mlango wa kupokea makala kwa saa ya "popote duniani": maadamu tarehe haijaisha hata sehemu moja ya dunia, mlango uko wazi. Saa hiyo iko nyuma ya UTC, saa ya kimataifa, kwa saa 12, nasi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo ukiambiwa mwisho ni tarehe 12, kwa Malindi una hadi tarehe 13, saa tisa alasiri kasoro dakika moja. Usingoje ifike saa nane. Umeme wetu mnaujua.

Kwa ICSE 2024 nilipata nafasi ya bango, yaani unatundika kazi yako na kusimama kando yake watu waulize, na muhtasari wake ni kurasa 2 tu. Nikaomba pia kuwa mwanafunzi wa kujitolea: unafanya kazi saa kadhaa, unafutiwa ada ya kuingia. Kwa mtu wa kipato changu hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Upo pia mfuko wa CAPS wa SIGSOFT, kundi la ACM la uhandisi wa programu, unaosaidia wanafunzi. Jihadharini tu kwamba misaada ya aina hii mara nyingi hulipwa baada ya safari, ukiwa umeshatoa zako mfukoni. Tiketi yangu ya ndege ilinunuliwa kwa mchango wa ukoo, na ami alitoa fungu kubwa.

Viza ndiyo iliyonikondesha. Nilikwenda Nairobi kwa basi, usiku kucha, kutoa alama za vidole. Ada ya viza ya Schengen wakati huo ilikuwa euro 80, nayo hairudi hata ukinyimwa. Unatakiwa bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya mwaliko, taarifa za benki za miezi kadhaa, na ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Ofisi niliyopeleka karatasi ilinirudisha mara moja kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikuwemo kwenye orodha waliyonipa wao wenyewe, na kila kurudi ni nauli na usiku mwingine barabarani. Pasipoti ilinifikia Ramadhani ikielekea ukingoni. Sheria inaruhusu kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Ombeni mapema. Nimeona bango la mwenzangu kutoka nchi nyingine ya Afrika limetundikwa na mtu mwingine, mwenyewe akiwa kwao anangoja jibu la viza, na sitaki kuliona tena.

Idd ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili. Ijumaa nikasafiri. Bango nililichapisha Mombasa kwenye kitambaa badala ya karatasi, nikalikunja kama leso, likakaa ndani ya begi bila kunisumbua. Fanyeni hivyo, mrija wa karatasi ni taabu tupu ndani ya ndege.

Mkutano ulikuwa tarehe 14 hadi 20, kwenye kituo cha utamaduni cha Belém. Siku za mwanzo ni za mikutano midogo inayoandamana na ule mkubwa. Mimi nilikaa MOBILESoft, unaohusu programu za simu, na kama nafasi yako ni ya siku mbili tu, chagua mdogo kama huo. Watu ni wachache, unawajua kwa sura, na swali lako halipotei. Kwenye mkutano mkubwa vikao vinakwenda sambamba vyumba vingi kwa pamoja, mada moja dakika chache, maswali mawili, anayefuata. Nilibeba maikrofoni kutoka kiti hadi kiti, na kazi hiyo ikawa ndiyo iliyonitambulisha kwa watu. Mtu uliyempelekea maikrofoni asubuhi, mchana anakusalimu kwenye foleni ya kahawa.

Na kahawa ndiyo mkutano wenyewe. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili tangu zamani: mambo hayamalizikii mkutanoni, humalizikia barazani, kikombe mkononi. Pale Belém ilikuwa vivyo hivyo. Niliona watu wawili ambao makala yao nimeyasoma mpaka nikayakariri wamesimama kando ya dirisha wanabishana kuhusu njia ya kuhesabu majaribio yanayofaulu leo na kushindwa kesho. Nikasogea, wakanifanyia nafasi, mmoja akaniuliza mimi naonaje.

Siku ya bango nilisimama kwa muda wa saa mbili. Wengi walipita, wakatabasamu, wakachukua anwani. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, akasoma bango lote kimya kutoka juu hadi chini. Hakuuliza kuhusu mtandao. Aliweka kidole penye mchoro wangu wa ile namba ya pekee, akauliza, "Namba hii umeiweka wapi?"

Nikamwambia iko ndani ya programu, kwenye kumbukumbu ya muda.

"Na programu ikifungwa?"

Nikamwambia mtumiaji hawezi kuifunga katikati ya malipo. Akanitazama kwa upole, akaniuliza huyo ami yangu, baada ya kubonyeza na kuona kimya, hufanya nini.

Hapo nikamwona ami kama niko naye. Hutoka kwenye programu akafungua meseji, atazame kama ujumbe wa malipo umeingia. Kila mtu hufanya hivyo. Na simu yake ni ya bei ndogo, kumbukumbu haba, na Android ikibanwa na nafasi huifunga kimyakimya programu iliyoachwa nyuma. Akirudi, programu inaanza upya, namba imepotea, anabonyeza, inazaliwa namba mpya. Pesa zinakwenda mara mbili, pamoja na dawa yangu yote. Namba ilipaswa kuandikwa kwenye hifadhi ya kudumu ya simu kabla ombi halijatoka. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo mwaka mzima na zaidi, na sikuliona. Yule mama aliliona kwa maswali matatu.

Mwaka 2021, wakati wa korona, ICSE ulifanyika mtandaoni, nami niliufuatilia kutoka Malindi. Niliridhika kusikiliza, sikujutia. Lakini hakuna aliyenifuata kwenye skrini kuniuliza namba nimeiweka wapi.

Kituo kile cha Belém kiko jirani na monasteri ya Jerónimos. Mchana mmoja nilikwenda, nikaingia kanisani, nikasimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama. Nimekua nikiiona nguzo yake pale kwetu juu ya bahari. Alifika Malindi Aprili 1498, nami nilikuwa kwao Aprili. Nilichokumbuka ni kwamba alipofika kwetu alihitaji rubani wa kumvusha hadi Calicut, India, na rubani huyo alimpata Malindi. Ujuzi wa bahari ulikuwa kwetu. Niliondoka pale nikiwa nimejaa, sijui niseme vipi, hamu ya kuona watu wakija kwetu kujifunza. ICSE ulianza 1975, na Afrika umekuja mara moja tu, Cape Town mwaka 2010. Sisi tuna matatizo ya programu ambayo wao huyasoma vitabuni: simu haba, mtandao wa kubahatisha, malipo ya simu kila dakika. Malindi ina hoteli, ina kiwanja cha ndege. Siombi fadhila nikisema hivi.

Yule mama niliandikiana naye baada ya kurudi. Alinitumia programu yao ya majaribio ambayo huizima programu nyingine makusudi, kila hatua, ili ionekane itakapoamka inakumbuka nini. Tukabadilisha msimbo wetu. Kusi lilikuwa bado linavuma, samaki wachache, nikashuka ufukweni na simu ile ile ya ami. Akabonyeza kulipa, nikazima mtandao, akatoka kusoma meseji kama kawaida yake, nikafungua kamera na michezo miwili ili simu ijae. Programu ikafungwa. Nikawasha mtandao, akarudi, akabonyeza tena.

Tukafungua hesabu pamoja. Malipo yalikuwa moja.