TAHADHARI: Anayeuza "Stratocaster" Mwanjelwa anauza makasha matupu

Ndugu zangu wapiga gita wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, wa kwaya na wa bendi, someni hii mpaka mwisho na mtumieni yeyote mnayemjua anayetafuta gita la umeme. Kuna mtu pale Mwanjelwa, fremu za ndani kule kwenye spika na mikisa za mtumba, anauza magita feki kwa bei ya magita ya maana. Kaniliza laki tisa na nusu. Ni ile hela ya viazi, ndiyo, ile ile mliyokuwa mnaniuliza kila siku nitaifanyia nini. Imekwenda.

Jina lake siliandiki kwa sababu jalada liko polisi na nimeambiwa nisiharibu. Ila namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na kama isingekuwa hofu ya kuharibu kesi ningeweka hapa mpaka picha ya mlango wake. Nina hasira, nisameheni. Nimekaa na jambo hili kimya kwa sababu ya aibu, wiki nzima watu wa kwaya wananiuliza "gita jipya liko wapi" nami nageuza maneno. Sasa nimesikia kuna mwingine kalizwa hivyo hivyo, basi aibu nimeiweka pembeni.

Mnalijua gita langu la zamani. Lina hambaka mbili, yaani pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) zenye koili mbili kila moja, sauti yake nzito, imeshiba, kwa rithimu halina shida. Tatizo ni solo. Kinanda kikishaingia na kwaya nzima ikafungua kifua, solo inazama, hata uongeze volumu inazidi kuwa nzito tu, haitoboi. Sauti niliyokuwa naitaka ni ile kavu, inayong'aa, kila uzi unasikika peke yake, sauti ya pikapu za koili moja. Kwa hiyo nilikuwa natafuta Stratocaster ya kampuni ya Fender au gita la aina hiyo, lenye pikapu tatu za koili moja na suichi ya njia tano ya kuchagua pikapu. Sikukurupuka. Nilikuwa nalitafuta muda mrefu, na wenyewe mlinisikia nikilisema.

Sasa sikieni alivyofanya. Nilipofika alinikaribisha kwa Kinyakyusa, "ugonile", akanipa kreti ya soda nikae. Akaleta begi gumu jeusi, akalilaza mezani, akafungua zipu taratibu. Gita la rangi ya maziwa, kibao cha plastiki cheupe, pikapu tatu nyeupe zimejipanga, ile ya darajani, nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita, imelala mshazari inavyotakiwa kwenye Stratocaster. Kichwani limeandikwa Fender. Nyuma kwenye bati la shingo kuna namba zimechongwa. Akalifuta vumbi kwa kitambaa, akaanza kunisimulia: mtindo huu Leo Fender kautoa Marekani mwaka 1954, Telecaster, gita lao jingine, ilitangulia, hambaka ni za kampuni ya Gibson, Seth Lover kazibuni mwaka 1955 ili kuua mvumo. Yote hayo ni kweli, nimekuja kuhakikisha baadaye. Mtu anayejua vitu hivyo utamdhania tapeli?

Akachomeka kebo kwenye pedali ya ifekti, ile ya kukanyaga kubadili sauti, kutoka kwenye pedali ikaingia kwenye ampu. Akakaa, akatuni, akaanza. "Hii namba tano, kaka, ya shingoni." Akapiga sebene fupi, sauti nene, tamu. Akasukuma suichi, tak. "Namba nne." Sauti ikawa nyembamba kidogo. Tak. "Tatu." Tak. "Mbili." Mpaka namba moja, ile ya darajani, ikawa inakata ile mbaya. Kila suichi ilipolia, sauti ilibadilika. Nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na masikio yangu mnayajua, ni mimi ninayewaambia uzi wa pili umeshuka kabla mwalimu wa kwaya hajasikia.

Halafu akanyamazisha nyuzi kwa kiganja, akainua kidole. "Unasikia mvumo wowote? Koili moja za feki zinavuma, kaka. Hii ni original, kimya kabisa." Na kweli palikuwa kimya. Nilisikia redio ya fremu ya jirani ikitangaza mpira.

Nikaomba nipige mimi. Akanikabidhi bila kusita, nikapachika mkanda begani, nikapiga kodi moja, ampu ikazima. "Aa, luku imekata," akasema, akamtuma dogo akanunue umeme. Nani kati yenu luku haijawahi kumkatia katikati ya kazi? Nikaendelea kulipiga kavu, bila ampu. Shingo imenyooka, freti hazikwaruzi, nyuzi ziko chini, mkono unateleza. Hapo ndipo mtego ulipo: mbao na shingo ni nzuri, mkono wako unakwambia nunua. Dogo wa umeme hakurudi mpaka tumemalizana.

Tukiwa tunasubiri ikaingia simu, akaiweka laudi spika, mtu anajitambulisha mchungaji, anaulizia mikrofoni zake na kumshukuru kwa mzigo wa mwezi uliopita. Leo siamini kama yule alikuwa mchungaji.

Na msije mkaniambia "ungeuliza kwanza". Niliuliza. Mwalimu wa kwaya mwenyewe aliniambia mtu huyu aliwahi kuwauzia kwaya ya jirani mikisa na inafanya kazi mpaka leo. Ana fremu, ana mhuri, kaniandikia risiti, Biblia iko kaunta. Siyo mtu niliyekutana naye stendi na gita mgongoni. Alianza milioni moja na laki mbili, tukavutana mpaka laki tisa na nusu, na alivutana kwa uchungu haswa, akisema kalitoa kwa mmisionari aliyerudi kwao kupitia Tunduma, na anaona kabisa ananipa bure. Wakati wa kulipa akasema lipa namba yake inasumbua, nirushe kwenye namba nyingine. Jina likatokea la mwanamke. "Mke wangu huyo." Nikarusha.

Nyumbani nililigusa kidogo tu, mtoto alikuwa amelala. Siku ya mazoezi nikalichomeka moja kwa moja kwenye ampu ya kanisani, bila pedali. Namba tano, sawa. Namba nne, sauti ile ile. Tatu, ile ile. Mbili. Moja. Sauti moja tupu kutoka juu mpaka chini, na mvumo juu yake, mmm, hauishi. Dogo wa besi akaniangalia. Nikasema labda suichi imeingia vumbi. Nikaisukumasukuma mbele ya watu wote, kinanda kimesimama, sopranu zinasubiri, mwalimu ananiangalia. Nikarudi kwenye gita la zamani na kumaliza mazoezi bila kumtazama mtu.

Nikalipeleka kwa fundi wangu wa redio, yule wa Iyunga. Akafungua skrubu za kibao cha plastiki, akakigeuza, akanyamaza. Kisha akanisogezea nione. Pikapu ya katikati: kasha la plastiki, juu yake vichwa sita vya chuma vimebandikwa kwa gundi, ndani hakuna kitu. Hakuna sumaku, hakuna koili, hakuna hata uzi mmoja wa shaba. Waya mbili zimetoka nje, zimekatwa na kufichwa chini ya teipu nyeusi. Ya darajani vile vile. Gundi yenyewe imemwagika pembeni, imekauka njano. Inayofanya kazi ni moja tu, ya shingoni, ya bei rahisi, sumaku bapa imebandikwa chini ya koili, na waya wake umekwenda moja kwa moja kwenye volumu. Suichi haijaunganishwa na chochote! Ile tak, tak niliyokuwa naisikia ni ya chuma na plastiki peke yake.

Basi mimi nikamuuliza fundi, mbona sauti ilikuwa inabadilika? Akachukua gita, akapiga uzi mmoja juu ya shingo, akausogelea mkono daraja kidogo kidogo, akipiga uzi ule ule. Sauti ikatoka nene mpaka nyembamba inayokata. Yule mtu alikuwa anasogeza mkono wake wa kulia kila anaposukuma suichi! Na mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Nikakumbuka vizuri kabisa, mguu wa kushoto, kiatu cha ngozi cha kahawia, kinakanyaga kila baada ya maneno "hii namba...". Mimi nilidhani anahesabu mdundo.

Na ule ukimya wake ndio uongo mkubwa kuliko wote. Koili moja halisi INAVUMA. Koili ni uzi mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Uzi wa gita ukitetemeka juu yake unazalisha umeme mdogo unaokwenda kwenye ampu. Lakini koili hiyo hiyo inanasa pia mvumo wa umeme wa ukutani, ule wa mitetemo 50 kwa sekunde, na wa taa za tyubu, na wa transfoma ya ampu. Hambaka ina koili mbili zinazopingana, zinafuta mvumo huo. Koili moja haina cha kuufuta, labda uweke suichi namba mbili au nne kwenye gita ambalo pikapu ya katikati imegeuzwa makusudi. Kwa hiyo mtu akikupigia namba moja, karibu na ampu, chini ya taa ya tyubu, halafu ikawa kimya kama maji mtungini, jua kuna kitu kinakata sauti. Kwake ilikuwa pedali: usipopiga nyuzi, inafunga. Mwizi huyu alijua vizuri kwamba tunachukia mvumo, akatuuzia ukimya.

Nilimpigia. Mara ya kwanza akapokea, eti "kaka umelifungua, waranti imekufa". Waranti! Ya makasha matupu! Baada ya hapo simu ikawa haipatikani, na fremu ina kufuli. Jirani yake anasema kodi pia anadaiwa. Wengine wanasema kaonekana Makambako, wengine Iringa. Kuna ndugu wa Makambako kaniandikia juzi, kauziwa "Telecaster" ya pikapu mbili, moja ni kasha.

Mtu huyu asiachwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, siyo "biashara haikwenda vizuri", na asijitokeze mzee yeyote wa kanisa kuniambia tuyamalize kwa maombi. Namtaka mahabusu. Nataka arudishe kila shilingi, na huyo mwenye namba ya simu aitwe aeleze, na dogo wa luku pia. Na mchungaji wa laudi spika, kama yupo. Afungiwe asiuze hata uzi mmoja wa gita nyanda hizi za juu. Sisemi apigwe, msimguse, mkimwona piteni polisi.

Kwa anayekwenda kununua sasa hivi kwa mtu yeyote: beba bisibisi ndogo. Gita likiwa kwenye ampu, bila pedali, gonga taratibu juu ya kila pikapu huku suichi ikiwa kwenye namba yake. Iliyo hai italia tok kwenye spika na bisibisi itavutwa na sumaku. Ya kasha haitalia. Ukiwa na mita ya kupima ukinzani wa umeme, kila pikapu ya koili moja ya aina hii inasoma kama kilo-ohm tano na nusu mpaka saba, fundi anajua. Piga mwenyewe, mkono usimame sehemu moja. Luku ikikata, ondoka urudi ikiwaka. Nembo ya kichwani kwangu ilibanduka kwa kucha. Na Fender yenyewe inatengeneza hasa Corona, California na Ensenada, Mexico. Squier, ambayo ni chapa yao ya bei ya chini, hutoka China na Indonesia na ni gita halali kabisa. Kwa hela yangu ile ningepata Squier yenye pikapu tatu zinazolia. Mke wa mtu asipokee hela ya duka. Mengine niulizeni inbox, nimechoka kuandika na kila nikiandika damu inachemka.

Mliouziwa na mtu huyu, msione haya. Meseji za malipo msizifute, risiti zenye mhuri msitupe, gita msilifungue mpaka kuwe na shahidi na mpige picha kila hatua. Jumatatu asubuhi naenda kituoni kufuatilia jalada, na mpelelezi kaniambia tukiwa wengi kesi inakuwa na nguvu. Wa Mbeya tukutane Kabwe saa mbili, tuingie pamoja. Wa Makambako na Iringa fungueni RB, yaani taarifa ya polisi, huko huko mlipo, kisha mnitumie namba za jalada niziwasilishe.