Kasha la mbao lenye nakshi za shaba, Mji Mkongwe: duka lililokubali nilipindue

Nimenunua kasha la Kizanzibari kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, na nawapa nyota nne. Kubwa lililonipendeza ni kwamba hawakunizuia kutoa droo zote, kulilaza kasha kifudifudi na kulimulika kwa tochi ya simu. Kuna maduka ukiinama tu kuchungulia chini, muuzaji anaanza kukohoa.

Wanunuzi wengi huvutwa na nakshi za shaba. Mimi huziacha mwisho, maana bamba jipya hupigiliwa kwenye kasha la zamani, na bamba la zamani kwenye mbao zilizorandwa juzi. Nilianza na mgongo na kitako, mahali ambapo fundi wa zamani hakuona haja ya kulainisha. Ubao ni msaji, una mawimbi ya randa ya mkono ambayo kiganja huyajua kabla ya jicho. Mikwaruzo ya mviringo ya msumeno wa mashine haikuwapo. Pembe za droo zimeunganishwa kwa meno ya kuchonga kwa mkono, kila jino na upana wake. Chini, droo zimelika zaidi upande mmoja, na ndani mbao zimefifia bila tone la vanishi.

Bawaba ndizo zilizosema mengine. Moja imefungwa kwa skrubu za nyota, na skrubu hizo zilianza kuenea miaka ya 1930. Nikatoa sumaku: misumari ya shaba haikushika, lakini bamba la kufuli likaivuta, kumbe ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mwenye duka hakubisha. Akasema kasha ni la kale ila bawaba, kufuli na baadhi ya mabamba ya mbele ni ya karibuni, akapunguza bei, na kwenye risiti akaandika “la kale, limekarabatiwa”. Kuhusu lilikotoka, alisema huenda ni India, kama makasha mengi yaliyoletwa na majahazi, lakini hakuapa. Hapo nikazidi kumwamini.

Nyota ya tano imepotea kwenye ufungaji. Walilizungushia maboksi na kamba tu, likashuka botini Dar kifuniko cha kijisanduku cha ndani kimeng'oka. Fundi wa mtaani amekirudisha kwa gundi.

Wakikuuliza kama waling'arishe na kulipaka vanishi kabla ya kulifunga, kataa: utafuta dalili zilezile za ukale ulizozitafuta.