Kabla ya rangi na kilomita, uliza giaboksi: SUV ndogo za kununua ukiwa Dodoma

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Dodoma miezi hii yanafanana mno. Mtu amenunua SUV ndogo, safi, viti bado vina nailoni, na baada ya muda mfupi linagoma njiani. Dada mmoja mwalimu wa Kongwa, lake linatetemeka kila anapoondoka kwenye tuta. Kaka mmoja wa Nzuguni alikuwa anapandisha kutoka Kintinku kwenda Manyoni: injini inalia, mshale wa mizunguko umepanda, gari halivuti. Akaegesha likapoa, akaondoka vizuri kabisa. Safari iliyofuata likarudia palepale mlimani. Magari yao si ya kampuni moja, wala hawakununua yadi moja. Kinachowaunganisha ni giaboksi, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa na muuzaji ni giaboksi ya aina gani.

Kwa hiyo leo siongelei ukubwa wa buti, kamera ya nyuma wala redio. Hayo utayaona mwenyewe kwa macho. Naongelea giaboksi, na hasa oili yake na joto lake.

Muuzaji akisema "automatiki" hajakuambia kitu. Automatiki ya zamani ina gia nne au tano, na ukiendesha unazisikia zikibadilika. CVT, ambayo nayo ni automatiki lakini ya aina nyingine, haina gia hizo. Ndani yake kuna puli mbili zinazotanuka na kubana, na kati yake unapita mkanda wa chuma; kwa Subaru ni mnyororo. Oili ndiyo inayozibana puli, ndiyo inayopoza, na ndiyo inayokifanya chuma kishike chuma bila kulana. Ikichoka, ikipungua, au ikiwekwa isiyo yake, mkanda unateleza kama kamba iliyoloa kwenye kapi la kisima. Kila unapoteleza unachuna puli, na vumbi la chuma linazunguka na oili hadi kwenye valvu. Joto likizidi, kompyuta inapunguza nguvu kuinusuru giaboksi. Ndiyo maana gari la yule kaka lilipoa likaenda.

Sasa weka mazingira yetu. Oktoba na Novemba hapa jua halina huruma. Safari zetu ni ndefu: Dar es Salaam ni kilomita kama 450, Singida, Iringa, Babati, na njiani kuna milima. Vumbi na mbegu za nyasi zinaziba uso wa rejeta, na giaboksi nyingi zinapoza oili yake kupitia rejeta hiyohiyo. Gari lililoishi Japani kwa kwenda dukani na kurudi linafika huku na oili ya siku nyingi, linapakiwa familia nzima na magunia, linapandishwa Kolo. Halafu tunashangaa.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili la "tuweke haidroliki". Gereji nyingi zina dumu moja la haidroliki nyekundu, yaani oili ya automatiki za kawaida, linalowekwa kila gari la automatiki. Kwa giaboksi ya gia nne za zamani unaweza kuponea hapo. Kwa CVT ni kuiua. Nissan za CVT zinataka oili iliyoandikwa NS-2, na zilizofuata NS-3. Toyota za CVT zinataka oili ya CVT iliyoandikwa TC au FE. Msuguano wa oili hizi umetengenezwa kwa ajili ya mkanda na puli, na haidroliki ya kawaida haina sifa hiyo. Ukinunua gari mkononi, swali lako la kwanza kwa mwenye gari liwe: giaboksi iliwekwa oili gani mara ya mwisho, na risiti iko wapi? Akisema "fundi ndiye anajua", shusha bei au ondoka.

Na usitegemee maneno. Kadi ya gari haikuambii aina ya giaboksi, lakini gari lenyewe linakuambia. Fungua boneti au mlango utafute kibati cha mtengenezaji. Kwenye Toyota soma mstari ulioandikwa TRANS/AXLE: ikianza na U, kama U140F au U241E, ni automatiki ya gia za kawaida. Ikiwa K, kama K112, ni CVT. Kwenye Nissan, RE4F04B ni gia nne, RE0F10A ni CVT. Piga picha kibati hicho, mtumie fundi wako kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Kisha jaribu gari likiwa la moto. Yadi wanapenda uzunguke kidogo na kurudi, gari likiwa bado baridi, na CVT mgonjwa ikiwa baridi inadanganya kila mtu. Endesha hadi Chamwino na kurudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, watu wanne ndani. Ukirudi usizime, pandisha UDOM. Hapo kwenye mlima simama, ondoka taratibu, kisha rudi nyuma ukipandisha. Sikiliza mlio kama wa nyuki, hisi mtetemo wa mwendo mdogo, angalia kama mshale wa mizunguko unapanda na gari limebaki. Weka D kutoka R: likichelewa kushika, umeshajibiwa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ana sababu yake, na sababu hiyo italipwa na wewe.

Sasa mpangilio wangu. Ninaipenda Suzuki, sifichi.

Ya kwanza ni Suzuki Escudo iliyoanza kutoka mwaka 2005, injini ya 2.0. Giaboksi ni gia nne, za kizamani, zinazobadilika unazisikia. Chini ina fremu iliyounganishwa na bodi, ina 4WD ya kudumu (matairi yote manne yanavuta muda wote), na swichi inayokupa 4H ya mwendo wa kawaida, 4H ya kufunga, na 4L ya kufunga, yaani gia nzito za mwendo mdogo. Hizi nyingine zote ninazozipanga hapa hazina 4L. Ukikwama kwenye mbuga ya Bahi wakati wa masika, au kwenye korongo la mchanga kuelekea Mpwapwa, 4L ndiyo inayoitoa giaboksi kwenye mateso, kwa sababu gari linavuta polepole bila kulazimisha. Injini yake ni chini ya cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa wa injini ni asilimia 5 badala ya 10. Watu wanasema inakula mafuta. Ni kweli inakula kuliko CVT, na watu hao hawahesabu bei ya giaboksi. Wanasema spea hazipatikani Dodoma. Za bodi utaagiza Kariakoo, nakubali, lakini ni mara chache. Cha kukagua kwake ni mlio wa cheni ya injini asubuhi ikiwa baridi, na uvujaji kwenye difu ya mbele. Kwa mtu anayelala mjini na kulima Kongwa, sioni gari lingine la kushindana nayo kwa bei yake.

Ya pili ni Honda CR-V, na hapa soma kwa makini. Ile ya 2006 hadi 2011, yenye RE3 au RE4 kwenye namba ya chesisi, ina injini ya 2.4 na gia tano za kawaida. Tulivu, ngumu, inafaa kwa anayeshinda lami kwenda Dar. Iliyofuata ikagawanyika: RM4 ya 2.4 yenye 4WD ilibaki na gia tano, RM1 ya 2.0 ya kuvuta mbele ikapewa CVT. Kwa nje ni pacha. Namba ya chesisi ndiyo inayotofautisha, kwa hiyo isome. Haidroliki yake iwe ya Honda, na difu ya nyuma ya 4WD ina oili yake maalumu ambayo mafundi wengi wanaisahau mpaka ianze kuguna wakati wa kukata kona.

Ya tatu ni Toyota RAV4, na najua hapa nitagombana na nusu ya mji. Ile ya kizazi cha pili, 2000 hadi 2005, tunayoiita Kilitime, ina gia nne imara, na spea zake unapata hadi Majengo. Tatizo ni umri. Nyingi zimeshapita mikono mingi, na zile za injini ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zinataka mafuta safi na usafishaji wa njia ya hewa. Lakini watu wanaikimbilia ile iliyofuata, ACA31 na ACA36 ya 2.4, kwa sababu "Toyota haifi". ACA hizo za soko la Japani zina CVT, ile K112. Hazijulikani kwa kufa ovyo kama nyingine, lakini ni CVT, na zikiwekwa haidroliki ya dumu zinakufa kama nyingine zote. Injini yake ya 2AZ-FE nayo inajulikana kwa kula oili. Marekani Toyota yenyewe ilirefusha dhamana ya pistoni na ringi kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo. Toyota Vanguard ya 2.4 ni habari hiyohiyo. Kulipia nyongeza ya jina na bado upate CVT, mimi sitakushauri.

Ya nne, Subaru Forester SH5, 2007 hadi 2012: gia nne, 4WD nzuri sana kwenye vumbi. Angalia gasketi na uvujaji wa injini. Iliyofuata, SJ5, ni CVT ya Lineartronic, na kampuni ilirefusha dhamana ya giaboksi hiyo Marekani hadi miaka 10 au maili 100,000 kwa baadhi ya matoleo. Kampuni hairefushi dhamana ya kitu kisichosumbua.

Ya mwisho, Nissan X-Trail T31 na Dualis. Zinavutia, ziko tele, ndiyo maana zimejaa mjini. Giaboksi yake, CVT ya kampuni ya Jatco, ni ya familia ileile iliyoifanya Nissan Marekani kurefusha dhamana ya CVT za 2007 hadi 2010 kufika miaka 10 au maili 120,000. Dhamana hiyo haikuvuka bahari kuja kwetu. Mitsubishi Outlander ya 2.4 nayo inatumia giaboksi ya familia hiyo.

Kwa bajeti ndogo kuna X-Trail ya zamani T30, gia nne, na Toyota Cami. Zinatembea, kagua kutu na mfumo wa kupoza injini, basi.

Kuhusu bei, nina kinyongo. Ukiagiza gari lenye zaidi ya miaka 10 unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa uchakavu asilimia 30, ushuru wa injini, na VAT asilimia 18 juu ya hayo yote, na bado kuna tozo nyingine. Magari yote niliyoyataja hapa yanaangukia au yanakaribia kundi hilo. Sawa, ni sheria. Kinachoniudhi ni muuzaji anayelileta Dodoma, anaongeza mamilioni kwa sababu ni namba E, wakati gari ni la mwaka uleule na lile la namba D lililokaa pembeni yake. Herufi ya kwenye kibao inaonyesha lilisajiliwa lini hapa nchini. Haionyeshi giaboksi imechakaa kiasi gani. Injini imeoshwa inang'aa, matairi yamepakwa rangi nyeusi, na oili ya giaboksi hakuna aliyeigusa. Oili sahihi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na faida anayoiweka, na hata hiyo anamwachia mnunuzi bila kumwambia.

Kama tayari una T31 au Dualis na bado inakwenda vizuri, usiiuze kwa hofu. Tafuta fundi mwenye mashine ya kupimia Nissan, asome namba ya uchakavu wa oili ya CVT iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya giaboksi. Ikizidi 210,000, oili imefika mwisho. Nunua NS-2 mwenyewe ikiwa na muhuri, simama pale anapoiweka, dai asafishe na sahani ya chini yenye sumaku, halafu aifute ile namba ianze upya. Osha uso wa rejeta kila mwisho wa kiangazi. Na mlimani, ukiona nguvu imepungua, usikanyage zaidi: toka barabarani, weka P, acha injini iungurume taratibu mpaka giaboksi ipoe.