Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi

Kituo hiki cha vipimo hapa Tabora nakipa nyota moja tu. Ni ya mlinzi aliyenisaidia kumbeba mwanangu.

Binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka huu akaanza jambo nisilolielewa: akilia sana, au akipuliza uji wa moto, mkono wa kulia unalegea, kijiko kinaanguka, maneno yanamkwama. Dakika chache tu, kisha anaomba uji wake. Tukaandikiwa CT skani ya kichwa. Ilipigwa upesi, sikatai. Majibu: kawaida.

Nikamuuliza kijana wa dirishani, kwa heshima zote, kama picha imeonyesha na mishipa ya damu. Hakuinua hata macho. "Mama, wewe ni daktari? Ubongo mzima huo. Mtoto anadeka."

Anadeka! Mtoto anayetokwa na kijiko mkononi! Foleni yote ikanigeukia. Nikaondoka na bahasha yangu kwa aibu, na jioni nikampigia baba yake simu nikamwambia huenda kweli anadeka.

Baadaye tukapanda treni hadi Dar es Salaam, akapigwa MRI ya mishipa. Ile mikubwa inayopanda shingoni kupeleka damu kwenye ubongo, ikishaingia ndani ya fuvu imebana kulia na kushoto, na vimishipa vidogo vimechipuka kutafuta njia ya pembeni. Moyamoya. Daktari alisema ni neno la Kijapani, kama moshi unaofuka, kwa sababu ndivyo vimishipa hivyo vinavyoonekana kwenye angiografia, kile kipimo cha kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja na kumwaga dawa ya kuifanya mishipa ionekane kwenye picha. Mtoto akilia au akipuliza anatoa hewa nyingi mno, mishipa ya ubongo inasinyaa, na damu iliyokuwa haba inazidi kupungua. Kumbe uji ulikuwa unatuambia siku zote!

Haki ya mashine niitoe: CT isiyo na dawa hiyo, kama ile tuliyopigiwa, huonyesha vizuri damu iliyovuja, lakini mishipa iliyobana inaweza kuikosa kabisa. Kwa hiyo nilikaribia kuongeza nyota ya pili.

Hapana, naifuta. "Mama, picha hii haionyeshi mishipa." Hayo tu angesema, nisingekaa wiki zote zile nikimkaripia mtoto mgonjwa aache kudeka.