Kufikisha Wi-Fi Chumba cha Uani: Kipi Ununue Kwanza

Kabla hujatoa fedha yoyote, hamisha ruta, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi nyumbani. Mafundi wanaoleta faiba huifunga pale waya unapoingilia ndani, mara nyingi sebuleni nyuma ya televisheni, ilhali mahali pake panapofaa ni juu na karibu na katikati ya nyumba, mbali na friji na mabati. Kisha nenda na simu hadi chumba cha mbali ujaribu masafa ya 2.4 GHz, ambayo hupenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz ingawa kasi yake ni ndogo. Ikiwa hapo tatizo limekwisha, usinunue kitu.

Likibaki, nafasi ya kwanza naipa waya wa mtandao pamoja na kifaa cha kusambazia Wi-Fi kinachofungwa mwisho wake. Ukuta wa zege lenye nondo, au ule mnene wa mawe ya matumbawe katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, hudhoofisha sana mawimbi, lakini waya hupita kwenye tundu dogo bila kupoteza chochote. Waya wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba karibu zote. Kuwa makini dukani, kwa sababu waya nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba: omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe. Wa kupita nje uwe na ganda la kuhimili jua, la sivyo litapasuka. Kama chumba kiko katika jengo la pembeni, usining'inize waya wa shaba hewani, kwani radi ikipiga karibu inaweza kuharibu vifaa vya pande zote mbili. Hapo tumia faiba, ambayo nyuzi zake hazipitishi umeme.

Mwenye ruta ya zamani kabatini hana haja ya kununua kifaa kipya cha kufunga mwisho wa waya. Izimwe DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, ipewe anwani yake isiyogongana na ya ruta kuu, kisha waya uchomekwe kwenye tundu la LAN, yaani mojawapo ya yale ya kuunganishia vifaa vya ndani ya nyumba.

Nafasi ya pili ni seti ya meshi, yaani vifaa viwili au vitatu vinavyoshirikiana chini ya jina moja la mtandao. Inamfaa mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa ukuta. Chagua yenye redio (sehemu ya kupokea na kurusha mawimbi) ya tatu iliyotengwa kwa mawasiliano ya vifaa vyenyewe, na kifaa cha pili ukiweke katikati ya njia, mahali ambapo Wi-Fi bado ina nguvu. Ukikiweka ndani ya chumba kisichofikiwa na mtandao, hakitakuwa na cha kusambaza.

Adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba naziweka ya tatu. Zichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni, na ujue kwamba chumba cha uani chenye mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kwa kawaida hakitapata kitu.

Ripita, yaani kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha upya, ambayo ndiyo muuzaji huitoa kwanza kwa kuwa ni rahisi, ni ya mwisho. Niliwahi kuifunga kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa akisomea chumba cha uani: alama za mtandao zilijaa kwenye simu yake, lakini masomo ya video yalikatika kila jioni. Ripita yenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu kwenye masafa yaleyale, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Kwa kutuma ujumbe tu inatosha. Yeye nilimvutia waya wa mita 25 kupitia darini, na ripita ile haijachomekwa tena.