Ziara ya masomo ya usanifu majengo Denmark: uzoefu wangu

Ni ziara ya wiki moja ya wanafunzi, Copenhagen na vitongoji vyake, mwishoni mwa Novemba. Kwa ufundishaji naipa nne kati ya tano. Kwa ratiba, mbili, tena kwa huruma.

Uzuri wake ni kwamba hamwachiwi mpige picha na kuondoka. Kanisa la Grundtvig, Bispebjerg, kazi ni matofali. Jengo hilo la P.V. Jensen-Klint (1921–1940, likamaliziwa na mwanawe Kaare) lina matofali ya manjano yapatayo milioni 6, kuanzia kuta na nguzo hadi sakafu. Unapima kozi (safu za matofali zilizolazwa) tatu kwa pamoja, unahesabu kozi hadi juu, ndipo unapata kimo. Kwa nini tatu? Tofali la kawaida la Denmark ni milimita 228 × 108 × 54, na likijengwa na kiungo chake cha chokaa au saruji cha milimita 12 hadi 13, kozi tatu hutoa sentimita 20. Ukipima kozi moja ukaizidisha, kosa la milimita moja tu linakuwa sentimita 10 ukifika kozi ya mia.

Kanisa la Bagsværd la Jørn Utzon (1976) ukiliona kwa nje utadhani kiwanda. Hapo anzeni na mchoro wa mkato (jengo kana kwamba limekatwa wima, ndani kuonekane), ramani ya sakafu baadaye: ramani inaonyesha mstatili tu, ilhali jengo lote liko kwenye dari ya zege jembamba inayojikunja na mwanga unaoshuka kutoka juu. Chukua penseli laini. Kalamu ya wino haitoi vivuli vile.

Sasa ratiba. Jumba la makumbusho ya sanaa la Louisiana, lililoko Humlebæk nje ya Copenhagen (Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert, 1958), walilipanga Jumatatu, siku linapofungwa! Wakalihamishia Jumanne jioni. Msimu huo jua huzama kabla ya saa kumi, na giza likiingia kuta za vioo za korido zake zinageuka kuwa kioo cha kujitazamia: bustani na miti ambayo korido zilijengwa kuifuata huioni. Isitoshe, pasi ya usafiri tuliyopewa ilikuwa ya kanda 1–4, nayo haifiki Humlebæk. Tiketi ya treni kila mtu alijilipia.

Kabla ya kulipia, waulize waandaaji mambo mawili: Louisiana ni siku gani na saa ngapi, na pasi inafika kanda zipi. Tepu ya mita 5 beba yako.